Dakika Kumi za Mwanzo

Eliso wa maktaba ameniletea karatasi.
Kitabu ukipendacho. Filamu. Muziki. Mengineyo.
Kila swali na kimstari chake, kifupi kama njiti ya kiberiti,
na binti mwenyewe kakaa ukingoni mwa kiti,
kalamu mkononi, kama mhudumu wa mkahawa.

Nianze na filamu, maana ndiyo iliyonilisha.
Miaka ishirini na sita niliwakatia watu tiketi
katika sinema ya pale karibu na daraja, hapahapa Kutaisi,
nyuma ya kidirisha chenye tundu la sauti
na tundu la pesa, jiko dogo miguuni.
Wachelewaji hawaishi, Eliso.
Kuna mtu na mkewe waliogombana njiani,
kuna mwanajeshi anayehesabu sarafu mara tatu.
Hadi nifunge daftari, nizime taa,
nipapase gizani kutafuta kiti,
dakika kumi zimekwenda zao.

Basi filamu zote za ujana wangu hazina mwanzo.
Nimewakuta watu wameshapendana,
maiti yuko tayari sakafuni,
treni imeshaacha kituo.
Ile niipendayo kuliko zote ina mwanamke
anayefua shuka kwenye tundu la barafu, huku analia,
na mpaka leo sijui analilia nini.
Nimeiona mara kumi na moja.
Ningeweza kuuliza. Sikuuliza.
Kila usiku nilimpa sababu nyingine:
Jumatatu kafiwa, Alhamisi jino linamuuma.

Kitabu nacho, usicheke, hakina mwisho.
Majira yale ya baridi, umeme ulipokuwa
unakuja kama mgeni wa heshima, saa moja tu, tena kwa kuringa,
Guram alichana kurasa za nyuma akawashia jiko.
"Za mbele hujazimaliza," akasema,
"na za nyuma huzijui, kwa hiyo hutazililia."
Mume wangu alikuwa na hoja za wakili
na akili za mbuzi.
Chai ile niliinywa kwa hasira. Ilikuwa tamu.
Huu ni mwaka wake wa tisa kaburini,
na kitabu kiko chini ya mto wangu,
kimekomea katikati ya sentensi:
akafungua mlango, na
Na. Hapo tu.
Mlango huo nimeuingia mara nyingi kuliko wa kanisa.

Muziki wangu unatoka chini, ghorofa ya pili,
kwa mtoto wa Zaira anayejifunza piano.
Kuna mahali kidole chake cha nne hujikwaa,
palepale, kila jioni.
Nami huku juu, namenya viazi,
nasimamisha kisu, nabana pumzi, namsubiri.
Jumapili iliyopita alipita bila kujikwaa.
Nikapiga makofi peke yangu jikoni,
kisha nikajisikia kama mtu aliyeibiwa.

Mengineyo. Hapa kimstari kinanidhulumu.
Andika: gurudumu la kamba ya nguo, linalolia kama bata,
kati ya dirisha langu na la Tsisana wa ng'ambo ya ua.
Kwa kamba hiyo tumepelekeana chumvi, magazeti,
na mara moja paka. Hakufurahi.
Andika: kupasua komamanga juu ya sinki
nikiwa nimevaa gauni ambalo halina tena la kupoteza.
Andika mkate. Ule wa tanurini,
unaobanduliwa ukutani mwa moto na kuviringishwa gazetini,
nauficha ndani ya koti kama siri ya kifua.
Tangu nizaliwe sijawahi kufikisha nyumbani mkate mzima.
Pembe huishia njiani, pale kwenye duka la saa.

"Bibi Lamara, nafasi imekwisha."
Anafunika kalamu. Haondoki.
"Ile filamu ya shuka," anasema, "mimi nimeiona. Yote.
Nikwambie analilia nini?"

Nikamsogezea mkate usio na pembe.
Kula kwanza, nikamwambia.
Chini, kidole cha nne kilikuwa kinakaribia.