Bila Chumvi

Chumba chetu Embakasi hakina dirisha.
Ndege zikitua tunazisikia miguuni,
kikombe kikitetema juu ya meza ya bati,
lakini abiria wake tumeshawasoma
kabla hawajafunga mikanda huko watokako.

Jina. Pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa.
Nani kalipa, kwa pesa gani, lini,
begi la kilo ngapi, kiti kipi, ubavuni mwa nani,
anakula nyama au hali.
Mtu mzima amekunjwa mstari mmoja
kama leso ya kwapani.

Sisemi kazi hii ni mbaya.
Juni iliyopita mstari ulinikwaruza jicho:
wasichana watatu, tikiti tatu, simu moja iliyolipa,
na safu tano nyuma yao mwenye simu,
kajikausha kama hawajui.
Lekishon aliteremka langoni mbio, tai begani.
Mdogo wao alikuwa na miaka kumi na minne.
Pasipoti ilisema ishirini na mbili.
Siku ile nililala kama mtoto aliyeshiba.

Basi Jumanne, saa tisa usiku,
mashine ikalia, ikapaka mstari rangi ya manjano:
kwenda bila kurudi, pesa taslimu, begi moja, kilo saba,
Chennai. Kiti 31K.
Nikasoma jina, nikalisoma tena kwa midomo.
Minayo.
Minayo wa mlango unaotazamana na wangu, Donholm,
tunayeanika naye nguo kamba moja,
aliyenikabidhi ufunguo na paka Jumapili
akasema, "Naenda Vihiga, shamba linapaliliwa."
Chakula: bila chumvi.
Kiti 31J: mwanamume, jina ambalo sijawahi kulisikia
likiitwa kwenye ngazi zetu.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.
Mimi sikulala ndani,
ila nimeijua ila yake
nimekaa tu, viatu nimevua, natafuna njugu.

Kuna kitufe cha kufunua zaidi:
safari zake za miaka yote, kadi, namba, wenzake wa viti.
Ukikibonyeza hufunguka kisanduku cheupe: Sababu.
Kistari kikapepesa, kikapepesa,
kama karani mwenye subira.
Nikaandika: jirani. Nikafuta.
Nikaandika: wasiwasi. Nikafuta.
Hata kufuta kwangu, najua, kumeandikwa mahali.

Nikamwita Lekishon. Kanuni ni hiyo:
unayemjua, humsomi.
Akaketi kitini pangu, nami nikasimama
nikiutazama ukuta, ufa wake, kalenda ya mwaka jana.
Alipiga simu moja, ya hospitali nadhani; hakuniambia.
Mstari ukarudi mweupe.
"Miezi sita," akasema, "na jina litafunikwa lenyewe."
Kwenye mashine, ndiyo.
Kichwani mwangu nani atalifunika?

Wiki ya tano alirudi, shingo imekonda,
amebeba mkungu wa ndizi
wenye vumbi jekundu na kamba ya Marikiti.
"Za nyumbani," akasema.
"Mvua ilinyesha huko?"
"Ilinyesha. Tena sana."
Tukacheka, paka akijisugua miguuni pake.

Jioni nikapika managu, nikajaza bakuli,
nikavuka zile hatua nne za ukumbi.
Akaonja.
Kijiko kikakawia mdomoni.
Hakuuliza kitu. Mimi tayari nilikuwa natazama sakafu,
kwa maana mkono wangu, bila kunishauri,
ulikuwa umempakulia
kabla sijatia chumvi.