Mizani Tatu

Mizani ya zahanati, ilifika mwisho wake
Na mshale haupiti, watetema peke yake
Kijana wa kwenye kiti, akashika shavu lake
Kasema, "Bi Khuleita, hebu twende bandarini."

Ipo mizani ya chuma, ya magunia ya nazi
Nikapanda, nikahema, wakasita wapagazi
Punda akanitazama, akaiogopa kazi
Karani akaandika: mia moja hamsini.

Shairi lina mizani, kumi na sita mstari
Nimezihifadhi ndani, tangu utoto, kwa ari
Sikuwahi kubaini, kwamba nami ni shairi
Ila mimi nimezidi, kama ulivyozidi mstari huu, nisameheni wajuzi.

Sukari mwaka wa sita, presha imefuatia
Goti latangaza vita, ngazi nikikaribia
Usiku roho yasita, mume hunihesabia
Afikapo ishirini, hunitikisa begani.

Mwele haulizwi uji, ni msemo wa wahenga
Leo ni mteuaji, bakuli tatu za Kenga
Moja yataka mtaji, moja moyo, moja panga
Kenga ndiye daktari, katoka juzi Malindi.

Ya moyo ni kupunguza, wali, mofa, mahamri
Na miguu kutembeza, hadi Shela kwa fajiri
Mara sita nimekaza, na mara sita, kwaheri
Kilo hurejea kwangu, na huja na shoga zake.

Nilipoolewa mie, nililishwa siku kumi
Ili mume asifie: maziwa, nyama, ulimi
Leo nani nimwambie, uzuri wanila mimi?
Kuupanda mchongoma, kule kushuka ni ngoma.

Ya mtaji ni sindano, tumboni kwa kila wiki
Njaa hufungwa maneno, ikawa haiamki
Shumi kapoteza mno, na samaki hamtaki
Bei ya mwezi mmoja: mbuzi watatu, wanono.

Dawa hulala baridi, umeme hapa hukata
Shumi kwa kukosa budi, kwa barafu huifita
Ya ngisi wa Bwana Badi, hadi giza likipita
Na akiacha, asema, njaa yaja na madeni.

Ya panga hadi Mombasa, libaki tumbo kidogo
Alikatwa Shee Isa, sukari haina zogo
Ila sasa akigusa, tonge la pili mzigo
Na nywele zilimtoka, vidonge hadi kaburi.

Na jirani ana chai, ya majani ya mlonge
Asema, "Wala sidai, itayeyusha matonge."
Nikaharisha, sifai, siku tatu za unyonge
Kilo ilitoka moja, ikarudi Ijumaa.

Nikamuuliza Kenga, ningekuwa mama yake
Njia gani angepanga, aseme kwa moyo wake
Akatazama kitanga, cha ule mkono wake
Kasema, "Alishakufa. Hakuulizwa ya uji."

Tukanyamaza wawili, feni ikajizungusha
Kisha kanipa ukweli: panga lazidi kushusha
Sindano yaja ya pili, moyo pekee huchosha
Ila hakuna bakuli, isiyohitaji moyo.

Nina bangili ya ndoa, imezama mkononi
Sabuni haijatoa, wala mafuta jikoni
Sonara akaing'oa, kwa msumeno makini
Mizani yake, jamani, ndogo kama kijaluba!

Kanipa miezi sita, ya sindano na barafu
Panga nalo likiita, nitakwenda nayo hofu
Leo ngazi nimepita, nikihesabu kwa pafu
Na usiku mume wangu: moja, mbili, tatu, nne…