Mtafsiri wa Mwanga

Sadoki Ntibashima hajui Kihispania.
Ajuacho ni midomo inavyocheza,
na kwa shilingi mia tatu kichwa
anatupa Meksiko nzima, hapa Mwanga,
jenereta likikohoa nyuma ya bati.

Mto wa kule keshaubatiza: Malagarasi.
Mwanamke anavuka, viatu kavitundika shingoni,
mtoto mgongoni, maji kifuani.
"Polepole, mama Bukuru," anasema Sadoki,
nasi twacheka, maana mama Bukuru yupo,
kakaa benchi la pili na karanga zake.

Ng'ambo, askari anamulika tochi.
Midomo yake inacheza kidogo tu,
neno moja, pengine mawili.
Sadoki anameza mate, kisha:
"Babu yako kazikwa wapi?"

Swali hili nalijua.
Huulizwa Uhamiaji, dirisha la tatu.
Nimeshalijibu mara mbili
nikataja makaburi mawili.

Karanga zimeacha kutafunwa.
Kwenye kioo mwanamke hajafumbua kinywa,
maji yanamchuruzika viwikoni.
Gizani, benchi la pili, sauti:
"Makere. Chini ya mgomba.
Njoo na jembe lako."