Daftari la Mvua, Chwale

Saa tatu kamili za asubuhi
namimina mvua ya jana katika chupa yenye mistari,
nainama hadi jicho liwe sawa na maji.
Hivyo alinifunza baba, Shaame Mata:
ukitazama kwa juu, umeiba;
ukitazama kwa chini, umesingizia.

Kipimo kimesimama nyuma ya skuli ya zamani,
pale Mzungu wa karafuu alipokichimbia
akamwachia baba ufunguo, penseli na shilingi nne kwa mwezi.
Mzungu akaenda zake. Shilingi nazo zikaenda zao.
Mvua haikupata habari.

Safu ya kwanza, tarehe. Ya pili, mvua.
Ya tatu imeandikwa Maelezo,
na humo ndimo kijiji kizima kilimojibanza.

*Inchi moja na robo. Mkarafuu wa Bi Mchande
umepukutika majani yote kwa siku nne.*
*Nusu inchi. Wa pembeni yake nao.*
*Hakuna mvua. Kombo Tani amekata yote, amebakisha visiki.
Apanda muhogo. Hasemi na mtu.*

Kisha Januari ile, siku ishirini za weupe.
Nimeziinua kurasa mbele ya taa mara nyingi,
huenda penseli iliandika ikafutwa.
Mwezi mosi Februari mkono wake unarudi:
*Hakuna mvua. Mfereji nimeuzibua hata hivyo.*

Miaka ya foleni, mchele kwa kadi,
inchi ziligeuka milimita;
tarakimu zikanenepa, watu wakakonda.
*Thelathini na mbili. Mize amezaliwa.*
Huyo ndiye mimi. Nimeandikwa baada ya mvua,
kabla ya mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu.

Wenzetu husema dalili ya mvua ni mawingu.
Baba alisema dalili ya mvua ni majamvi:
anika karafuu pishi kumi, jilaze kidogo tu,
utaisikia ikija juu ya migomba.
Hapo hakuna mkubwa wala mdogo,
wote magoti chini, viganja vinakomba.
Nimemwona kwa macho yangu bwana harusi
akiacha sahani ya pilau
kwenda kuanua karafuu za mzee
aliyemnyima binti mwaka wa juzi.

Na popo. Magharibi wanatoka msitu wa makaburini,
wazito, hawana haraka, mabawa kama miavuli mibovu.
Zamani tuliwala, nisifiche.
*Popo kumi na saba tu. Nimehesabu mara mbili.*
Siku hizi nikifika mia tatu naacha,
shingo inauma.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa hali ya hewa, Haitham,
na nguzo nyeupe, kioo cha jua, waya.
"Inapima wenyewe, Bi Mize. Kila robo saa
inapeleka hesabu Unguja."
Nikamuuliza, "Na safu ya tatu?"
Akatazama simu yake.
"Safu gani?"
Nilimwangulia madafu. Alikunywa mawili,
akashukuru sana, akasahau bisibisi yake.
Ninayo. Akirudi nitampa.

Leo nguzo imesema sifuri.
Chupa yangu nayo sifuri; sikuiba, sikusingizia.
Lakini nimefika hapa kanga imerowa hadi magotini
kwa kupita majanini tu,
na hilo nani atalipeleka Unguja?

Nimechonga penseli kwa kisu cha nazi, nikaandika:

*Hakuna mvua. Umande mzito.
Mjukuu wa Kombo Tani amepanda mikarafuu kumi
pale penye visiki.
Mbuzi ameshakula mmoja.
Imebaki tisa.*