Kibanda cha Vipimo, Kitulo

Saa tatu, kila asubuhi, nafungua kibanda cheupe
chenye mbavu za mbao, nasoma kipimajoto, naandika.
Miaka ishirini na sita. Kalamu zimenifia mikononi.
Leo, Julai saba: hasi mbili nukta nne.
Nyasi zinavunjika chini ya buti kama vigae,
na sakitu imelala juu ya viazi vya Nikodemo Tweve
kama chumvi juu ya kidonda.

Nikang'oa barafu kwenye hori la ng'ombe,
duara moja, nene kama kitabu cha nyimbo,
ndani yake unyasi mmoja, na mapovu.
Nikalifunga guniani, nikalipeleka shuleni
kwa Mwalimu Lusia Mahenge. Aliniomba mwenyewe:
"Niletee kitu, Sanga. Watoto wamechoshwa na ramani."

Akasema: kusini kabisa mwa dunia,
barafu kama hii imelala unene wa kilomita na kilomita,
na inatembea.
Wakacheka.
Akachukua sufuria ya ugali laini wa jikoni,
akaupindua juu ya sinia. Ukakaa. Ukatulia.
Kisha polepole, bila haya, ukaanza kutanuka.
"Nani ameusukuma?"
Hakuna.
"Uzito wake tu. Theluji juu ya theluji,
katikati panaelemewa, pembeni panakimbia."

Mtoto wa utingo, Ferdinandi, akasimama:
"Mbona basi haijaishia yote baharini?"
"Baba yako hufanya nini Fuso likizima mlimani Isyonje?"
"Huruka. Hutupa jiwe nyuma ya gurudumu."
"Ukingoni pana barafu inayoelea,
imejibana kati ya vilima na visiwa.
Hiyo ndiyo jiwe la baba yako."
"Na jiwe nani hulitoa?"
"Maji. Ya uvuguvugu, yapitayo chini, gizani,
kama fuko ndani ya tuta:
majani juu bado mabichi,
ukivuta shina, linakuja mkononi
bila kiazi."

Hapo hawakucheka.

Duara lilikuwa linalia juu ya dawati.
Tukainamisha masikio: pwi, pwi,
pumzi ya usiku wa jana ikitoka kifungoni.
Kule, akasema, imo pumzi ya kale
kuliko jina la kwanza la mtu wa kwanza,
na wapo wanaoisoma, tabaka kwa tabaka.

Nikayawaza madaftari yangu kabatini.
Julai yangu ya kwanza: usiku kumi na tisa chini ya sifuri.
Mwaka jana: saba.
Watu wamefurahi. Viazi vinapona,
Nikodemo ameezeka bati jipya.
Nami sisemi kitu. Utamwendeaje jirani
na daftari, siku anayosherehekea?

"Mwalimu, bahari ikipanda, itafika Kitulo?"
Darasa likaangua kicheko, hata mimi.
"Haitafika, Edina."
"Na Kigamboni, kwa dada?"

Mwalimu akatazama sakafu.
Maji yalikuwa yameteremka mguu wa dawati,
yamevuka ufa wa saruji,
yanapapasa kuelekea mlangoni
kama kipofu anayeijua nyumba.
Akachukua dekio. Akalirudisha kwenye kona.
"Andikeni," akasema, "mnachokiona."
Na kalamu arobaini zikaanza kukwaruza.

Asubuhi ya pili nilifungua kibanda.
Nyuzi moja na nusu, juu ya sifuri.
Nikaandika, nikaweka tarehe, nikapuliza wino.
Nikaenda horini na shoka langu dogo,
mazoea ya miaka,
nikakuta ng'ombe wanakunywa.
Hawakunisubiri nivunje.