Daftari la Zamu

Tani tatu kila mwaka: hiyo ndiyo asante ya mgodi kwa baba.
Tani tatu za makaa ya mawe, zikimwagwa mlangoni mwezi wa tisa,
nasi watoto tukizishusha kwa ndoo hadi chumba cha chini,
tukipanda tena, meno tu ndiyo meupe.

Mama hakuwahi kushukuru.
Mama alikuwa na madirisha sita na vitambaa,
na shuka alizoanika nyeupe akaanua za kijivu,
akazitazama, akazirudisha kwenye beseni bila neno.
Mjini Rybnik, majira ya baridi, hewa unaitafuna kwanza
ndipo unaivuta.

Kwa hiyo mafundi walipofika na ngazi,
na paneli kumi na nne ndani ya maboksi,
aliyetia saini ni mama. Gertruda Kubiczek, miaka sabini na mmoja,
kalamu ameibana kama anayedai talaka.
Baba alisema, "Jua? Hapa?"
akaonyesha dirishani.
Mvua ilikuwa inanyesha ili kumsaidia.

Siku tatu aliisusa meza. Alikula bandani kwa njiwa wake.
Alinisemesha mimi tu, tena habari za njiwa:
watatua wapi, paa likishageuka kioo?

Walitua palepale. Wakanya palepale.
Mama akasema huo ndio upinzani pekee anaoutambua.

Jiko la makaa likabomolewa. Nyuma yake ukutani
palikuwa na rangi ya kijani ambayo hakuna aliyeikumbuka.
Nje ikafungwa pampu ya joto,
ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.
Na baba, baada ya miaka ishirini na saba ya kuamka saa kumi alfajiri,
akaamka saa kumi alfajiri,
akashuka kuwasha moto usiokuwapo,
akasimama gizani na kiberiti.
Nilimwona. Nikajizuia nisikohoe.
Aliyekohoa ni yeye, kile kikohozi chake cha changarawe.

Bili ya Mei mama aliibandika kwenye friji
kwa sumaku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji,
ili baba kila afuatapo soseji akutane na tarakimu.
Ilikuwa ndogo kuliko bei ya soseji.
Baba akafunga friji polepole,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Makaa yaliyobaki alimpelekea Bi Cymorek, ng'ambo ya barabara,
ndoo baada ya ndoo.
Alipomaliza alisimama katikati ya njia,
akauvuta moshi wa jirani, macho yamefumba,
mithili ya aliyesikia likitajwa jina la mpenzi wa zamani.
Sikumcheka. Mkate wetu ulinunuliwa kwa moshi ule.

Novemba, theluji ya kwanza. Saa moja kasoro, bado giza,
mama anapiga kelele uani: "Alojzy! Teremka utavunjika!"
Juu ya ngazi, kofia ya mgodini kichwani, taa inawaka,
mzee anazifagia paneli kwa ufagio aliounga kwenye mti mrefu.
"Unafanya nini huko?"
"Niko zamu."

Jioni ile nikitafuta betri nililikuta daftari lake,
lile la jalada la bluu alilokuwa akienda nalo kazini:
tarehe, mita chini ya ardhi, saa,
wangapi wameshuka, wangapi wamepanda.
(Ukurasa mmoja, tarakimu hizo mbili hazilingani.
Aliukunja pembeni. Hatukuwahi kuuliza.)
Kisha kurasa tupu, nyingi,
kisha wino mpya:

*Juni 9. Uniti 31. Anga safi.*
*Juni 10. Uniti 28. Trauda amefua mara mbili, bure.*
*Agosti 2. Uniti 17. Mavi ya njiwa. Nimeosha.*

Tangu siku hiyo nachungulia kila ninapokuja.
Juzi nilikuta:

*Desemba 4. Uniti 0.4. Ukungu. Sikukuu ya Barbara.
Njiwa mmoja hajarudi.*

Na chini yake, mwandiko umetulia zaidi:

*Desemba 5. Uniti 0.9. Amerudi.
Bado mweupe.*