Tarakimu ya Kumi na Nne

Mwalimu Lutambi aliiandika ubaoni, Bwiru,
akaifuta kabla darasa halijanakili.
Mimi nilikuwa nimeshaiwahi kwa wino,
kutoka kiganjani hadi kiwikoni:
3608528850368400786036725.
Sasa iko nyuma ya daftari la risiti, Mwaloni Kirumba,
niliihamishia huko siku umeme ulipokatika
na mizani ikafumba jicho.

Usiisome kwa pumzi moja, utakohoa.
Anzia kushoto.
Tatu: mpe mtu mmoja, aende zake.
Vuta ya pili: thelathini na sita. Watu wawili,
kumi na nane huyu, kumi na nane yule.
Mia tatu sitini kwa watatu.
Elfu tatu mia sita na nane, wanne juu ya ndoo zilizopinduliwa,
mia tisa na mbili kila mmoja, hakuna anayenung'unika.
Watano sawa. Sita sawa.
Wa saba nilimwogopa. Saba ni mkorofi,
mara nyingi ukimgawia unabaki na kitu mkononi.
Lakini 3608528 ilimpita saba laini
kama maji chini ya kivuko cha Kamanga.

Bibi yangu alikuwa na mizani ya mashairi, nane kwa nane.
Yangu ni ya chuma, inanuka dagaa.
Ila naapa nilisikia vina humo ndani:
kila tarakimu inayoingia inakuja na mtu wake,
na safu yote inagawanyika upya, bila baki,
hadi mtu wa ishirini na tano.
Usiku nne nilikokotoa kwa njia ndefu, kwa tochi ya simu.
Kwenye kumi na tisa nikapata baki, nikaitukana namba,
kumbe nane yangu niliiandika kama sifuri.

Zipo nyingine za ukoo huu, fupi fupi, maelfu.
Yenye urefu huu ni moja tu.
Ndefu kuliko hii, hakuna.

Kikundi chetu tulikuwa ishirini na tano.
Vichanja, madeni, kisanduku chenye kufuli tatu.
Nikawasomea. Kabula akauliza, "Inalika?"
Holo alicheka hadi kanga ikamdondoka.

Kisha akaja Nyangeta kutoka Ukara,
beseni moja, mtoto mmoja mgongoni,
akaomba kuingia.

Nikarudi kwenye namba, peke yangu.
Nikaiongezea sifuri mwishoni,
nikagawanya kwa ishirini na sita.
Baki kumi na mbili.
Ili itimie nilitakiwa niweke kumi na nne
mahali panapokaa tarakimu moja.
Sifuri, moja, mbili, nikazipanga hadi tisa,
na baada ya tisa duka limefungwa.
Hakuna tarakimu iitwayo kumi na nne.
Haikujificha chini ya mawe ya Bismarck
ikingoja msichana mwenye akili zaidi.
Haipo.
Namba kubwa kuliko dagaa wote niliowahi kupima,
na watakaopimwa na wajukuu wangu,
imeshindwa na mwanamke mwenye beseni.

Jumatatu nikawaeleza, ubao ukiwa ni mfuko wa simenti.
Nilieleza vizuri. Hata kumi na nne niliizungushia duara.
Kabula akatazama duara, akamtazama Nyangeta.
"Kwani wewe, tunagawana namba au tunagawana dagaa?"
Akamwaga gunia turubaini.

Mafungu ishirini na sita, kwa macho na kwa konzi,
huku wakiongelea bei ya Kigoma na mume wa mtu.
Hakuna aliyekokotoa.
Baki lilikuwepo, pembeni, kwenye mkunjo wa turubai.
Nililihesabu kwa siri, mkono wangu haujui kuacha.
Hawakuwa kumi na wawili.
Saba. Yule yule mkorofi.

Mtoto wa Nyangeta akachukua mmoja, akatafuna.